Vijana wepesi, mfumo mzito

Kocha, nimekuelewa: wazuiaji wako watano wa mbele ni wepesi na wana mbio, lakini mfumo wako wa futiboli ya Kimarekani unawataka wasukumane mtu kwa mtu, na mkimbiaji anayebeba mpira anakamatwa kabla hajafika popote. Usiwalazimishe kunenepa. Badilisha mfumo.

Jaribu kuzuia kwa eneo: wote watano wanaondoka pamoja kuelekea upande mmoja, kila mmoja akimkabili anayeingia eneo lake. Denver Broncos, timu ya ligi kuu ya Marekani, NFL, walifanya hivyo chini ya kocha wa safu ya wazuiaji, Alex Gibbs, wakiwa na wazuiaji wadogo kwa ligi ile, na msimu wa 1998 mkimbiaji wao Terrell Davis alikimbia yadi 2,008.

Anza na hatua ya kwanza tu. Mguu wa upande mnaokwenda utangulie, mabega yabaki yakitazama mbele. Rudieni mpaka wakanyage pamoja; senta, yaani mzuiaji wa katikati, akichelewa, mpinzani anapenya hapo hapo. Mkimbiaji naye ajifunze kusubiri pengo lifunguke, kisha akate kona mara moja bila kusitasita. Hili ndilo gumu kuliko yote, lipe muda.

Kuzuia kwa kumgonga mpinzani magotini msifanye, watu wanavunjika. Atakayegongwa kichwa atoke, asirudi mpaka daktari amruhusu.