Nenda, ila mswada uache nyumbani

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: mtu ambaye hajatoa kitabu ana la kufanya kwenye tamasha la waandishi chipukizi na wachapishaji wadogo? Analo, tena kuliko mwenye kitabu. Mwenye kitabu hushinda nyuma ya meza akichunga nakala zake. Asiye nacho ana miguu. Ningempa sharti moja tu, kwamba mswada auache nyumbani.

Najua sharti hilo linauma. Tamasha langu la kwanza nilikwenda na miswada mitatu begani, yaani riwaya moja ya kurasa 412 niliyoitoa fotokopi mara tatu, nikaibana kwa pete za plastiki, kila nakala na barua yake ya utangulizi. Njiani nilikuwa nimeshajichorea picha nzima: mchapishaji anafungua ukurasa wa kwanza, ananyamaza, anainua macho kunitazama. (Tusidanganyane, sote tumeiota ndoto hiyo.) Mchapishaji wa kwanza nilimkuta akihesabu chenji ya mteja, hakuniona. Wa pili aliupokea mswada kwa mikono miwili, akashukuru, akauweka chini ya meza. Jioni ukumbi ulipokuwa unafungwa nikapita tena pale. Masanduku yalikuwa yameshabebwa, kitambaa cha meza kimekunjwa, na mswada wangu umebaki sakafuni. Niliuokota nikaondoka. Wakati ule sikukasirika. Hasira zilikuja nyumbani, zikakaa kama wiki moja, kisha nikaanza kuuliza maswali ambayo ningepaswa kuuliza kabla.

Mchapishaji mdogo ni nani hasa? Mara nyingi ni watu wawili, pengine mmoja, na huyo mmoja ndiye mhariri, mhasibu, mpanga kurasa na mbeba masanduku. Meza ameilipia. Usafiri ameulipia. Ana siku mbili au tatu za kurudisha fedha hizo, na nakala anayoiuza pale kwa mkono wake ni biashara nzuri kuliko karibu zote atakazofanya mwaka mzima. Dukani, muuza vitabu huchukua kwa kawaida kati ya asilimia 30 na 50 ya bei ya jaladani. Akiwepo msambazaji, naye ana fungu lake. Mwandishi, mkataba ukiwa wa kawaida, anapata mrabaha wa asilimia 10 au pungufu. Kinachobaki ndicho kilipe mpiga chapa, mhariri, mchora jalada na stoo. Na maduka mengi huchukua vitabu kwa makubaliano kwamba visivyouzika vitarudishwa, kwa hiyo nakala iliyohesabiwa kuwa imeuzwa inaweza kurudi baada ya miezi kadhaa, pembe zimejikunja. Mezani, fedha huingia mkononi saa ileile. Sasa mfikirie mtu huyo, wanunuzi wako nyuma yangu, na mimi nimesimama mbele yake na begi langu nikimweleza sura ya kwanza.

Tamasha lililofuata nilikwenda mikono mitupu. Niliomba kumsaidia mama mmoja mwenye nyumba ndogo ya uchapishaji kubeba vitabu na kukaa mezani akienda kula. Siku mbili zile zilinifundisha zaidi ya miaka niliyokaa peke yangu nikiandika, na sisemi kwa kupamba.

Kwanza, namna watu wanavyonunua. Mnunuzi anatazama jalada, anageuza nyuma, anasoma mistari mitatu, kisha anafungua katikati. Katikati, si mwanzo! Sisi waandishi tunaupiga pasi ukurasa wa kwanza mara hamsini, na msomaji anaonja mchuzi kutoka chini ya sufuria.

Pili, kurasa. Mchana wa siku ya pili, wateja walipopungua, nilimtajia yule mama riwaya yangu ya kurasa 412. Hakuniuliza inahusu nini. Alinambia nichague kitabu kimoja pale mezani ambacho ningekinunua bila kumjua mwandishi. Nikachagua. Alikigeuza akanionyesha namba ya ukurasa wa mwisho: 96. Halafu ndipo akanieleza. Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa kuwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32. Tisini na sita ni mafungu sita ya 16 bila mabaki. Kazi ikivuka hapo kwa kurasa tatu tu, unalipia fungu jingine au unatafuta cha kukata. Ndiyo maana baadhi ya vitabu vina kurasa tupu mwishoni. Mimi miaka yote nilidhani ni za kuandikia maoni. Kurasa zikiongezeka, karatasi zinaongezeka, uzito wa posta unaongezeka, bei inapanda, na bei ikipanda msomaji hakubali kubahatisha na jina asilolijua. Hakusema riwaya yangu ni mbaya, maana hakuwa ameiona. Alisema ni ghali.

Hapo nikaelewa kwa nini meza zile zimejaa vitu vyembamba: diwani za mashairi ishirini, hadithi moja ndefu peke yake, vijitabu vilivyobanwa pini mbili mgongoni. Vya pini navyo vina hesabu yake: kila karatasi ikikunjwa katikati inazaa kurasa nne, kwa hiyo jumla lazima igawanyike kwa nne. Mwaka 1964 Unesco ilipendekeza, kwa ajili ya takwimu, kwamba kitabu kianzie kurasa 49 bila kuhesabu jalada, na chini ya hapo kiitwe kijitabu. Karatasi 12 zilizokunjwa ni kurasa 48. Umekosa kuitwa kitabu kwa ukurasa mmoja! Kwa kipimo hicho nusu ya meza nilizozunguka hazikuwa na kitabu hata kimoja, na bado palikuwa na foleni.

Kinachowezesha wembamba huo ni mashine. Ile ya ofseti inataka matayarisho ya gharama kabla nakala ya kwanza haijatoka, kwa hiyo inafaa ukichapa nyingi. Ya kidijitali haina matayarisho makubwa, nakala ya hamsini inagharimu karibu sawa na ya kwanza, na mtu anaweza kuchapa 80, akaziuza, akarudi kuchapa nyingine. Si jambo la kuonea haya. Mwandishi maarufu Virginia Woolf na mumewe Leonard walianza kuchapa mwaka 1917 na mashine ya mkono waliyoiweka katika chumba cha kulia nyumbani kwao Richmond, Uingereza. Kijitabu chao cha kwanza kilikuwa na hadithi mbili, moja ya kila mmoja wao, nakala kama 150.

Majukwaani sikukaa sana. Midahalo karibu yote hufikia swali lilelile la wasomaji wamekwenda wapi, na linaulizwa mbele ya ukumbi uliojaa wasomaji. Usomaji wa hadharani ndio nisingeukosa. Ukipewa dakika tano, kumbuka ukurasa wa maneno 300 usiposomwa kwa papara unakula karibu dakika tatu. Mimi safari moja nilipeleka kurasa nne, nikakimbia kama mtangazaji wa mpira, na bado nilikatizwa. Hata hivyo nilipata faida: kuna sentensi niliyoipenda kwa miaka miwili ambayo pumzi iliniishia katikati yake, mbele za watu. Ile nilipofika nyumbani niliifuta.

Kuna meza moja ya kuiepuka, na utaitambua kwa sifa. Utapokewa kwa shangwe, utaambiwa una kipaji kabla mwenye meza hajasoma hata aya, kisha utatajiwa "mchango wa mwandishi", yaani fedha za kutoa wewe. Kulipia huduma si kosa. Anayejichapishia anamlipa mhariri na mpiga chapa, anajua analipia nini, na vitabu vyote ni vyake. Kosa ni mtu kujiita mchapishaji, akachukua haki zako kwa mkataba, na bado wewe ndiye unayemlipa. Mchapishaji ni yule anayeweka fedha yake hatarini kwa ajili ya kazi yako. Mwulize tu mwaka jana aliuza nakala ngapi kwa watu wasio waandishi wake, utazame uso wake.

Wengine watasema afadhali kusubiri maonyesho makubwa ya kimataifa. Nendeni mkaone, lakini mjue ni soko la aina nyingine. Frankfurt, Ujerumani, ambako maonyesho ya vitabu ya sasa yalianza mwaka 1949, shughuli kuu ni wachapishaji na mawakala wa waandishi kununuliana haki za tafsiri na matoleo, kwa miadi iliyopangwa wiki nyingi kabla. Chipukizi asiye na miadi anatazama migongo ya watu. Kwenye tamasha dogo aliyekihariri kitabu ndiye anayekufungia nakala yako, na ukimuuliza kwa nini alikichagua, anasimama kukujibu.

Basi kama unakwenda, nenda asubuhi ya siku ya pili. Siku ya kwanza kila mtu ana wasiwasi wa mauzo, na jioni ya mwisho wanafunga masanduku. Nunua kitabu kimoja au viwili kwa mchapishaji unayefikiri mnaelewana, hata kama ni kijitabu cha pini. Huo ndio utangulizi wa maana kuliko barua yangu ya kurasa mbili. Nyumbani kisome chote, kisha utafute utaratibu wake wa kupokea miswada. Wengi hufungua mlango miezi michache tu kwa mwaka, na hutaka kurasa kadhaa za mwanzo, si mzigo mzima.

Mimi nilifanya hivyo kwa yule mchapishaji wa pili, yule wa chini ya meza. Nilinunua vitabu vyake viwili, nikavisoma, nikangoja miezi ya kupokea ifike, nikamtumia kurasa ishirini. Sikumkumbusha kwamba tuliwahi kuonana. Jibu lilikuja baada ya miezi mitano, mistari minne. Mitatu ilikuwa ya kukataa kwa adabu. Wa nne ulisema hadithi yangu inaanza ukurasa wa saba. Nimeufungua mswada nikaangalia. Inaanza ukurasa wa saba.