Mwaka wa posho ya utafiti: tafuta mwalimu kwanza

Umemaliza shahada ya biolojia, kemia au fizikia, na sasa umepata nafasi ya kujifunza utafiti kwa mwaka mmoja au miwili huku ukilipwa posho. Hongera sana. Kabla hujasaini, uliza jambo moja: nani atakaa nami mezani kila siku? Profesa mwenye jina kubwa mara nyingi yuko safarini au anaandika maombi ya fedha. Atakayekufundisha kushika pipeti ni mwanafunzi wa uzamivu au fundi wa maabara, basi omba kuzungumza naye. Watafute pia waliopita hapo kabla yako, uwaulize wako wapi sasa na kama majina yao yalitokea kwenye makala za kisayansi. Mimi ningechagua maabara isiyovuma yenye mtu wa kunielekeza, kuliko yenye sifa ambako kazi yako ni kuosha vyombo vya wenzako.

Mkataba usome wote. Posho mara nyingi haihesabiwi kama mshahara: huenda haina mchango wa pensheni, na pengine kodi haikatwi kila mwezi, ukaja kudaiwa yote kwa mkupuo. Bima ya afya nayo uliza.

Ukishaanza, daftari la maabara ndilo litakalokulinda. Andika siku ileile, kwa wino: tarehe, ulichofanya, namba ya toleo (iliyoandikwa kwenye chupa) ya kila kitendanishi, yaani kemikali ya jaribio, na kilichoharibika. Ukikosea, piga mstari mmoja katikati ya neno ili bado lisomeke.

Tuseme umefanya PCR, yaani kunakili kipande cha DNA mara nyingi, na kile kijichupa ulichoweka maji bila DNA nacho kimetoa mstari kwenye jeli, mahali DNA huonekana kama mstari. Uchafu umeingia mahali, na matokeo ya siku hiyo hayaaminiki, hata yale uliyoyafurahia. Utatamani kuikata picha ya jeli pembeni ili mstari huo usionekane. Usiikate! Mwonyeshe msimamizi picha nzima, kisha badilisha maji, halafu kitendanishi kimoja kimoja, mpaka mstari upotee. Aliyeandika namba za matoleo humkamata mchawi upesi. Asiyeandika huishia kumwaga kila kitu na kuanza upya.

Barua ya mapendekezo iombe mapema, wiki kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho, ukiambatanisha muhtasari wa kazi uliyofanya. Msimamizi mwenye wanafunzi wengi hawezi kukumbuka peke yake kwamba ni wewe uliyeusaka ule uchafu.