Maswali na Majibu: Diski C Imekwenda Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Songea. Kompyuta yangu mpakato niliinunua ikiwa imekwisha kutumika, na prosesa yake ni ya Intel ya kizazi cha sita, kwa hiyo Windows 10 ilipoacha kupewa masasisho ya bure Oktoba 2025 niliambiwa kwamba haikidhi masharti ya Windows 11. Mdogo wangu akaniwekea Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, kando ya Windows ile ile, ili nikiwasha nichague ninayoitaka. Huu ni mwezi wa pili na bado napotea. Diski C na D sizioni. Flashi nimeichomoa mara mbili nikakuta faili halifunguki. Mtihani nilioupanga vizuri nyumbani ukifika stesheneri mistari inahama. Na nikirudi kwenye Windows, saa inakuwa nyuma kwa muda wa saa tatu kamili. Je, nirudi nilikotoka?

JIBU: Mwalimu, nakushauri usirudi. Mambo yote manne uliyoyataja yana sababu zinazojulikana, na hakuna hata moja linaloonyesha kwamba kompyuta ni mbovu au kwamba wewe ni mzito wa kujifunza. Unachoka kwa sababu unatafuta vitu mahali vilipokuwa zamani.

Tuanze na diski, maana ukishalielewa hili mengine yatakuwa mepesi. Windows huipa kila diski herufi yake, C, D, na flashi ikichomekwa hupata E au F. Linux haina herufi hizo. Kila kitu kimo katika mti mmoja, ambao shina lake huandikwa kwa alama ya mkwaju peke yake (/), na diski nyingine, pamoja na flashi, hupachikwa katika mti huo kama matawi. Tawi lako wewe ni folda yenye jina lako iliyo ndani ya /home, na humo ndimo zilimo folda za nyaraka, picha na vitu ulivyopakua. Diski ya Windows haikufutika. Fungua dirisha la mafaili utazame orodha ya upande wa kushoto, sehemu ya vifaa: utaiona pale, pengine bila jina, ikitambulishwa kwa ukubwa wake tu. Ibofye, ingia folda ya Users, kisha folda yenye jina ulilokuwa ukitumia, na barua zako za miaka yote zitakuwa mbele yako.

Ukiona unaweza kuzisoma lakini kompyuta inakataa usihifadhi kitu humo, fahamu kwamba Windows haikuzimika kabisa. Ili iwahi kuwaka, huwa haifungi kazi zote inapozimwa, na Linux, kwa kuchelea kuharibu data, huruhusu kusoma tu. Ukitaka kutoka Windows kwenda Linux, chagua kuwasha upya badala ya kuzima, kisha uchague Linux pale mashine inapokuuliza.

Jambo moja zaidi kuhusu majina, nawe ni mwalimu wa lugha: katika Linux herufi kubwa na ndogo hazilingani. Mtihani.odt na mtihani.odt ni mafaili mawili tofauti yanayoweza kukaa katika folda moja. Flashi nyingi hazitambui tofauti hiyo, kwa hiyo ukiyanakili yote mawili huko, la pili litataka kulifuta la kwanza. Chagua namna moja ya kuandika majina ya mafaili yako uishike.

Sasa flashi. Unaponakili faili, mstari wa maendeleo unaweza kufika mwisho wakati sehemu ya data bado iko katika kumbukumbu ya kompyuta, ikisubiri kuandikwa. Ukichomoa hapo hapo unakuwa umeikata kazi katikati. Kando ya jina la flashi, kwenye orodha ile ile ya kushoto, kuna alama ndogo ya mshale unaoelekea juu. Ibofye, usubiri ujumbe wa kukuruhusu kuchomoa. Kwa faili kubwa subira hiyo inaweza kufika dakika nzima, na ni lazima uivumilie kila mara, hata mwanafunzi akiwa mlangoni anaisubiri flashi.

Kuhusu mtihani kuhama mistari, chanzo kikubwa ni fonti. Times New Roman na Arial ni fonti zenye leseni ya Microsoft, na LibreOffice, programu yako ya kuandikia katika Linux, isipozikuta hutumia Liberation Serif na Liberation Sans, ambazo herufi zake zimepimwa upana ule ule ili mistari isivunjike. Lakini kompyuta ya stesheneri haina Liberation, kwa hiyo Word huweka fonti nyingine inayoiona inafaa, na hapo ndipo swali la kumi linaposukumwa ukurasa wa pili. Karatasi ya kuchapishwa tu ihamishe kwenye PDF, kwa kitufe kilicho katika upau wa juu, nayo itatoka kama ulivyoipanga. Faili la docx mpe mwalimu mwenzako anayehitaji kulihariri.

Ukiwa katika LibreOffice, weka pia kamusi ya tahajia ya Kiswahili, kwa sababu ipo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya programu ambayo LibreOffice imetokana nayo. Naona fahari kubwa kwamba kazi ile ilifanywa hapa nyumbani, na ningependa walimu wa lugha wawe wa kwanza kuitumia.

La mwisho ni saa. Ndani ya kompyuta mna saa ndogo inayotumia betri yake. Linux huiweka katika saa ya dunia, kisha hujumlisha saa tatu za Afrika Mashariki inapokuonyesha wakati. Windows huisoma ikidhani ni saa ya Songea. Ndiyo maana ukitoka Linux saa nne asubuhi, Windows inasema ni saa moja. Ukiwa Linux, bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja ili dirisha la amri lifunguke, uandike timedatectl set-local-rtc 1, kisha ubonyeze Enter na utoe nywila ikihitajika. Linux itakuonya kwamba haipendelei mpango huo, lakini kwa anayetumia mifumo miwili unafaa. Siku mtakapoiondoa Windows, andika amri ile ile ukiweka 0 mahali pa 1.

SWALI: Nimehamia Ubuntu, aina nyingine ya Linux. Kila programu ninayoipakua kwenye intaneti inaishia na .exe na haifunguki. Nifanyeje? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hizo zimetengenezwa kwa ajili ya Windows. Acha kuzunguka kwenye tovuti. Fungua kituo cha programu kilichomo ndani ya Ubuntu, tafuta kwa jina, na uweke kutoka hapo, kwani programu za humo husasishwa pamoja na mfumo wenyewe. Kama kuna moja ya kazini isiyo na toleo la Linux, programu iitwayo Wine huweza kuendesha baadhi ya hizo za .exe. Ijaribu kwanza kwa kazi isiyo na haraka.