Mfupa Bado Haujaunga na Daktari Ataka Nipunguze Uzito: Nile Nini?

SWALI: Mshauri wetu wa lishe, pokea salamu zangu kutoka Kisumu. Mimi ni mama wa miaka 43 na nauza mitumba Kibuye. Wiki tisa zilizopita bodaboda niliyokuwa nimeabiri iligongwa karibu na Kondele, nikavunjika mfupa wa paja la kulia. Nilipasuliwa na kutiwa chuma ndani ya mfupa, na sasa natembea kwa magongo. Kabla ya ajali nilikuwa na kilo 96, nami urefu wangu ni sentimita 162. Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani daktari aliniambia nipunguze uzito kwa kuwa mguu huu ndio utakaoubeba. Jirani akanipa ratiba aliyowahi kuitumia: maji ya ndimu asubuhi, supu ya kabichi mchana, tunda moja jioni, na ugali marufuku. Kwa wiki mbili nimepungua kilo 5. Nimefurahi, ila nikisimama napata kizunguzungu, na pahali pamoja kwenye mshono pamekataa kukauka. Mama mkwe wangu, ambaye ndiye anayeniuguza, amekasirika na kila siku ananichemshia supu ya mifupa. Niendelee na ratiba au nimsikilize mama?
Muuza Mitumba, Kisumu

JIBU: Dada yangu, pole kwa ajali na kwa maumivu. Kabla hatujafika jikoni, tuanze na huo mshono. Kidonda cha upasuaji ambacho wiki tisa zimepita nacho bado kina sehemu mbichi, tena juu ya mfupa uliotiwa chuma, si jambo la kusubiri tarehe ya kliniki iliyoandikwa kwenye kadi. Rudi kwa waliokupasua wiki hii hii, wakiangalie, na uwaombe wakupime pia sukari na wingi wa damu. Mtu mwenye uzito mkubwa anaweza kuishi na kisukari kwa muda mrefu bila kujua, na mojawapo ya dalili zake ni kidonda kisichopona.

Ratiba ya jirani iache leo. Sisemi hivyo kwa kuwa nadharau nia yake. Yeye alipoitumia hakuwa na mfupa uliovunjika. Ukijumlisha supu ya kabichi, tunda na maji ya ndimu hupati hata gramu 20 za protini kwa siku, ilhali mwili wako sasa una kazi ya ujenzi. Mfupa unapovunjika, damu huganda kwanza pale palipovunjika, kisha mwili hufuma nyuzi laini za protini zinazoziba pengo, na baadaye ndipo madini ya chokaa huingia katika nyuzi hizo na kuzifanya ngumu. Mfupa wa paja kwa kawaida huchukua kati ya miezi 3 na 6 kuunga. Katika wiki ya tisa, basi, mwili wako uko katikati ya kazi, na ukiunyima protini utaitafuta mahali pengine. Mahali pa karibu ni misuli yako mwenyewe, hasa ile ya paja ambayo tayari imelegea kwa kutotumika.

Hapo ndipo ninapokuomba uzitazame upya hizo kilo 5. Kwa wiki mbili za njaa, sehemu kubwa ya kilichotoka ni maji. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika takriban gramu 3 za maji. Akiba ikiisha, maji nayo huenda, na mizani hushuka haraka mno. Sehemu nyingine ni misuli, na mafuta uliyotaka yaondoke yamechangia kiasi tu. Chukua futikamba ya fundi cherehani, ambayo bila shaka haikosekani Kibuye, upime mapaja yote mawili, kila moja sentimita 15 juu ya goti. Ukiona la kulia ni jembamba kuliko la kushoto, ujue kwamba ile misuli ambayo mtaalamu wa viungo anataka uijenge imepungua kwa kutotumika, na ratiba yako inazidi kuila. Kizunguzungu nacho si cha kuvumilia. Mtu wa magongo akianguka jikoni mara moja anaweza kurudi kwenye chumba cha upasuaji.

Je, daktari alikosea? La. Uzito wako kwa urefu huo ni mkubwa, na kila kilo inayotoka hupunguzia goti mzigo mara kadhaa zaidi ya kilo hiyo katika kila hatua. Alichokosa kukuambia ni lini na kwa mwendo gani. Jibu langu ni kwamba kwa sasa lengo lako liwe kutoongezeka na kuulisha mfupa, na kama uzito utashuka wenyewe polepole, vyema. Kupunguza kwa makusudi kuanze picha ya eksirei itakapoonyesha kwamba mfupa umeunga na umeruhusiwa kukanyaga kwa uzito wote. Wakati huo nusu kilo kwa wiki itakutosha. Kwa sasa mimi nisingekubali ushuke chini ya kalori 1,700 kwa siku, na protini iwe kati ya gramu 80 na 100, almradi figo zako ni nzima.

Kiasi hicho cha protini hakihitaji duka la dawa. Asubuhi kula mayai mawili ya kuchemsha, ambayo ni kama gramu 13, pamoja na kikombe cha maziwa chenye gramu 8 na kipande cha kiazi kitamu au nduma. Mchana pakua kikombe kimoja cha ndengu au maharagwe yaliyoiva, gramu 15 hivi, pamoja na mboga nusu sahani na ugali usiozidi ngumi yako. Jioni kula ngege (samaki aina ya tilapia) wa kuchemshwa na nyanya, kipande cha ukubwa wa kiganja, ambacho hakikosi gramu 20 na ushei. Kati ya mlo na mlo, kikombe cha maziwa lala. Ongeza protini kidogo iliyomo kwenye ugali na mboga, utakuwa umeikaribia 80. Siku ambayo mfuko hauruhusu ngege, omena, yaani dagaa, hutosha kabisa: gramu 30 za omena kavu zina takriban gramu 15 za protini, na kwa kuwa huliwa na mifupa yake, hukupa chokaa nyingi ambayo minofu ya samaki mkubwa haina. Iloweke kwa maji moto, ioshe vizuri, uichemshe na nyanya, vitunguu na maziwa kidogo. Ile ya kuzamishwa kwenye mafuta mpaka ikauke kau, na vilevile mgongo wazi (mifupa ya samaki iliyobaki baada ya minofu kutolewa) wa kukaanga, uviweke kando kwa miezi hii.

Utauliza uzito utapungulia wapi ikiwa unakula hivyo. Tazama vitu ambavyo mfupa hauvihitaji. Ukinywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari, umekunywa karibu kalori 190. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori 120, na nimeona sufuria za sukuma wiki zikimiminiwa vijiko vitano bila aliyeshika chupa kupepesa jicho. Soda ya nusu lita anayokuletea mgeni ina takriban kalori 200. Chapati moja nene haiko mbali na 300. Ukiondoa hivi peke yake, au hata nusu yake, utakuwa umepunguza kuliko kwa kuliacha yai au kikombe cha maziwa, na mwili hautakuwa umenyimwa chochote cha kujengea. Ugali hauna kosa lolote, tena unga wa viwandani hapa Kenya huongezewa madini na vitamini kwa mujibu wa sheria. Lililozidi ni kimo cha mlima wake.

Sasa supu ya mama mkwe. Mama ana haki ya kukasirika, na kwa jambo kubwa, yaani kwamba mgonjwa lazima ale, yeye ndiye aliye sahihi. Hata hivyo, imani kwamba mifupa ya ng'ombe ikichemshwa usiku kucha humwaga chokaa yake kwenye supu haina msingi mkubwa. Chokaa ya mfupa huyeyuka kwa shida mno ndani ya maji, hivi kwamba kikombe cha maziwa, chenye miligramu 300 hivi, huishinda supu hiyo kwa mbali. Mtu mzima wa umri wako anahitaji miligramu 1,000 kwa siku. Kinachotoka kwa wingi kwenye mifupa ni mafuta ya uboho. Usiikatae supu, maana kukataa sufuria ya mama mkwe ni kutafuta ugomvi usio na dawa. Mwambie kwa heshima, "Mama, nakushukuru, daktari ameomba tuitie nyama isiyo na mafuta na ndengu, na tuiache ipoe." Ikishapoa, mafuta yataganda juu kama kifuniko cheupe, nawe utayaondoa kwa kijiko kabla ya kuipasha tena. Itakuwa imegeuka mlo wa maana.

Kuhusu mboga, huko kwenu mmebarikiwa: osuga (managu), dek (saga), boo (majani ya kunde) na apoth (mrenda) zote ni nzuri, na sukuma wiki hutoa chokaa ambayo mwili huipokea kwa urahisi kuliko ile ya spinachi. Ombi langu ni moja tu, kwamba apoth na boo zisitiwe magadi mengi kwa ajili ya kulainika, kwa sababu magadi huharibu vitamini, ikiwemo vitamini C ambayo mwili huitumia kufuma zile nyuzi za mfupa na za kidonda. Tia maziwa au nyanya badala yake. Kwa kuwa ulipoteza damu kwenye ajali na kwenye upasuaji, kula chungwa au kamulia ndimu kwenye maharagwe ili madini ya chuma yapokelewe, na chai isubiri saa moja baada ya chakula, kwani huyazuia. Toka ukae juani muda mfupi kila siku, mikono na miguu ikiwa wazi. Kukaa ndani kwa wiki tisa kumekunyima vitamini D. Kama dawa za maumivu zimekufungia choo, maji, papai na hizo mboga zitasaidia.

Usipande mizani kwa mguu mmoja huku umeshika ukuta. Pima kiuno kwa ile futikamba mara moja kwa wiki. Na muulize mtaalamu wa viungo mazoezi ya mikono ukiwa umeketi, na yale ya kukaza paja bila kulisogeza. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, nenda hospitali saa hiyo hiyo, kwani damu yaweza kuwa imeganda mshipani. Katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi wenu bado mnaiita Russia, ulizia wataalamu wa lishe. Nenda kwao na vipimo vyako ili hesabu hii niliyokufanyia kwa barua ipimwe na mtu anayekuona.

SWALI: Nina miaka 58, nina kisukari na ninatumia vidonge. Nilivunjika kifundo cha mguu na nina plasta. Kijana wa mazoezi ameniuzia mkebe wa unga wa protini na kuniambia niunywe badala ya chakula cha mchana na cha jioni ili nipungue haraka. Nauliza kama ni salama.
Mzee wa Nakuru

JIBU: Mzee wangu, usiruke milo miwili huku ukimeza vidonge vya sukari kama kawaida. Baadhi ya vidonge hivyo, kwa mfano glibenclamide, huendelea kuishusha sukari hata kama hujala, na unaweza kuzirai. Unga wenyewe si sumu, lakini soma kibandiko, kwa kuwa mikebe mingi ina sukari, na usiuguse kabla figo hazijapimwa, maana kisukari huziumiza kimyakimya. Zikiwa nzima, sahani ya githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi, na kikombe cha maziwa yasiyotiwa sukari, vitakupa ulichokifuata kwenye mkebe kwa bei ya chini zaidi. Na kama bado unavuta sigara, acha hiyo kwanza. Hucheleweshea mfupa kuunga kuliko kosa lolote la chakula ninaloweza kulitaja hapa.

SWALI: Nilivunjika mkono mwezi uliopita. Ramadhani ikiingia nataka kufunga, na pia nitumie nafasi hiyo kupunguza tumbo. Inafaa?
Dada wa Mumias

JIBU: Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku hizo baadaye, hilo zungumza na sheikh wako, na uwezo wa mwili zungumza na daktari. Wote wawili wakikubali ufunge, usiifanye saumu kuwa njia ya kujinyima usiku. Daku isiachwe: mayai, maziwa, uji wa wimbi na maji ya kutosha. Kwenye futari anza na tende na maji, kisha samaki au kunde, na uache bajia na viazi karai vipite kwa wengine, kwani hapo ndipo tumbo la Ramadhani linapotoka. Dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen huchoma tumbo tupu, kwa hiyo mwombe daktari akupangie za kumeza baada ya futari na baada ya daku, na ikiwa maumivu bado yanahitaji dozi ya mchana, huo mkono haujawa tayari kwa saumu.