Swali la lugha: Mashua huundwa

Msomaji wetu wa Malindi anaandaa maelezo ya kubandika kando ya mashua kuukuu ya uvuvi inayohifadhiwa shuleni kwao. Anauliza: aandike kwamba "ilitengenezwa" Lamu au "iliundwa" Lamu?

Iliundwa, ndugu yangu. Tena iandike kwa herufi kubwa.

Hili kutengeneza limenichosha. Limekuwa kama papa aliyeingia kwenye wando la kunasia samaki, linameza kila kitenzi kilicho mbele yake. Mtu anaandika, "Jahazi linatengenezwa Matondoni," kijiji cha waunda vyombo kisiwani Lamu. Nielewe nini? Ni jipya, mkuku, yaani uti wa chombo, ndio kwanza umelazwa? Au ni la zamani, limepasuka ubao, limepandishwa pwani lizibwe? Mwenye chombo akipelekewa habari hiyo hajui anunue mbao au pamba! Fundi wa Matondoni hasemi hivyo. Chombo kipya huundwa. Kikivuja hukalafatiwa, yaani pamba iliyolowekwa mafuta hushindiliwa katikati ya mbao mpaka maji yakose njia. Tumboni hupakwa deheni, chokaa iliyochanganywa na shahamu. Kikiwa tayari, hushuliwa, yaani huteremshwa majini. Kazi nne, vitenzi vinne, na hao wanaovijua wangali hai, tezo mkononi. Kwa nini tuandike kana kwamba hatujawahi kuwasikia?

Kalafati tumelipata kwa Waarabu. Kuunda ni letu wenyewe, na ndilo lililozaa muundo na kiunzi.

Mtepe nao unanipa uchungu zaidi. Chombo kile cha Wabajuni hakikugongwa misumari: mbao zilitobolewa kwa keekee, zikafungwa kwa kamba za makumbi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Mtepe ulishonwa. Ukisema "ulitengenezwa" umeikata kamba yenyewe inayoufanya uwe mtepe. Baharini haupo tena. Anayetaka kuuona leo hutazama mifano ya makumbusho, na maelezo ya kibaoni ndiyo pekee yatakayomweleza mtoto ulivyoshikana.

Siliharamishi kutengeneza. Injini ikizima kati ya Mokowe na Lamu, itengenezeni, na upesi. Lakini kibao chako kisome: "Mashua hii iliundwa Lamu." Kama ilipata kuvuja mikononi mwenu, ongeza: "ikakalafatiwa Malindi." Mgeni akiuliza kukalafati ni nini, mwonyesheni ile pamba kwenye maungio ya mbao.