Muulize Senga: Nataka kulea mtoto wa watu, nianzie wapi?

SWALI: Senga habari ya huko. Mi niko Bwera, huku Uganda mpakani na Kongo, nauza vitenge pale soko la Mpondwe, bwana yangu anaendesha fuso. Watoto wetu wameshakuwa wakubwa, nyumba imebaki kimya. Sasa kuna kijana mdogo hapa jirani, miaka kama saba hivi, mamake alikuwa amepanga chumba akaondoka akamwachia bibi mmoja mgonjwa, watu wa kwao hatuwajui vizuri, wengine wanasema wako ng'ambo upande wa Kongo. Mtoto ashazoea kula kwangu, kulala ndo bado. Bwana amekubali tumchukue. Dada yangu anasema nisimguse mpaka nione mtu wa probesheni, chemani wa LC (baraza la kijiji) anasema tuandikiane tu karatasi kwake yaishe. Nani mkweli? Na serikali inasaidia na nini? – M., Bwera

SENGA: Mama M., dada yako ndo mkweli, ila chemani pia usimruke. Anza kwake, maana kulinda watoto wa kijiji ni kazi ya LC kisheria, na yeye ndo anamjua huyo bibi na anajua mama aliondoka lini. Akuandikie barua. Lakini barua hiyo inakutambulisha tu, haikupi mtoto. Mwenye kukupa mtoto umlee ni afisa wa probesheni na ustawi wa jamii wa wilaya, kwa hiyo barua ikishatoka panda gari uende Kasese.

Yeye atakuja mpaka kwako, ataangalia mtoto atalala wapi, ataongea na bwana yako peke yake, ataongea na majirani (wale wote, hata yule mliyegombana naye juu ya mbuzi), atauliza unaishi na nani na unapata pesa wapi. Sheria ya Watoto inataka mlezi awe amepita miaka 21, hapo wewe huna shida. Haitaki uwe tajiri. Mkishakubaliana unasaini karatasi za ulezi, na baadaye anaendelea kuja kumwangalia mtoto, usione kama anakupeleleza, mzoee kabisa maana siku mambo yamekushinda ndo mtu wa kwanza wa kumpigia.

Na kwako wewe wa mpakani karatasi ni muhimu kuliko kwa mtu wa Masaka. Fikiria unavuka na huyo mtoto kwenda kununua vitenge, askari anakuuliza huyu nani, unasema nini? Tangu 2009 Uganda ina sheria kali ya kuzuia biashara ya watu na we hutaki kujieleza kituoni na mtoto analia pembeni. Tena mama mwenyewe anaweza kurudi kesho kutwa akasema uliniibia. Ndo maana kabla ya yote probesheni wanatafuta ndugu kwanza, na kama kweli ukoo uko Kongo, Msalaba Mwekundu wa Uganda wana kazi hiyo ya kutafuta ndugu waliopotezana, mwombe afisa awashirikishe. Shangazi au babu akipatikana na yuko sawa, mtoto anaenda huko. Hapo roho itauma, sikudanganyi, na bora mlizungumze na bwana leo.

Kulea hivi sio kuasili, yaani kumfanya mtoto awe wako kabisa kisheria. Mtoto anabaki na jina lake na ukoo wake. Kuasili kunaenda mahakamani, na hata huko wanataka kwanza uwe umemlea chini ya macho ya probesheni, tangu marekebisho ya 2016 ni mwaka mmoja, zamani ilikuwa mitatu.

Msaada sasa. Mshahara wa mlezi hakuna, posho hakuna, mtu akikwambia toa kidogo tukuandikishe upate pesa za serikali huyo ni mwizi. Shule ya UPE, yaani msingi ya serikali, haina ada tangu 1997 ila uji, yunifomu na madaftari utalipa, hospitali za serikali ziliacha kulipisha 2001 ila dawa zikiisha unatumwa famasi. Kwa hiyo hesabu watu wako kabla mtoto hajaingia. Bwana akiwa safarini na mtoto ana homa usiku nani anakuja? Kikundi chenu cha akiba kinakopesha juu ya shule? Na muulize afisa akuunganishe na wazazi wengine wanaolea pale Kasese, mwenzio aliyepitia atakwambia vitu mimi siwezi kukwambia hapa.

SWALI: Senga, nalea binti wa miaka tisa hapa Arua kupitia probesheni. Anaficha chakula chini ya godoro, anakojoa kitandani, watoto wangu wanamcheka. Mama mkwe anasema ana mkosi nimrudishe. Sasa shangazi yake amepatikana anataka kumwona. Nimechoka. – Z., Arua

SENGA: Pole mama. Aliyewahi kulala njaa anaficha chakula, huo sio wizi na kumchapa kutaongeza tu. Mpe kikopo chake chenye mfuniko, kiwe na karanga au mandazi saa zote, akae nacho mwenyewe, akishaamini kesho atakula ataanza kukisahau. Kukojoa, mpeleke kliniki wamwangalie asiwe na ugonjwa, tandika nailoni, na shuka afue pamoja na wewe bila kelele. Watoto wako, kaa nao pembeni, wanacheka kwa sababu mama yao amegawanywa, kila mmoja mtafutie muda wake hata wa kwenda naye sokoni tu. Mama mkwe mwachie mumeo, hiyo sio vita yako.

Ukichoka sema mapema. Kuna namba ya simu 116, inaitwa Sauti, ya kusaidia watoto, ni bure na mlezi pia anapiga, sio mpaka mtoto awe amepigwa.

Shangazi asije ghafla mlangoni. Mwambie afisa apange, mara ya kwanza waonane kwako wewe ukiwepo, saa moja inatosha, na binti aambiwe siku mbili kabla nani anakuja na kwamba jioni hiyo analala kwako. Mambo ya kuhama yasitajwe mbele yake mpaka probesheni wameenda kuona nyumba ya huyo shangazi.