Re: Gari la zamani la turbo linakataa kuwaka injini ikiwa ya moto

Ndugu, umesema Subaru Forester yako ya 1999 asubuhi hapo Kabale inawaka vizuri, ila ukisimama dakika kumi dukani inazungusha stata tu, na inanuka petroli. Stata ikizunguka kwa nguvu, achana na betri. Na usikubali kuuziwa pampu bado: hiyo harufu inaonyesha mafuta yanafika, tena yamezidi.

Anza na regyuleta ya presha ya mafuta, kile kidude cha duara kwenye reli ya nozeli, yaani bomba linalogawia mafuta vile vipulizi vya injini. Chomoa mpira mwembamba wa vakyumu unaoingia pale, unuse. Ukiukuta umelowa petroli, kiwambo cha ndani kimepasuka na injini inanyonya mafuta mabichi kupitia humo. Mimi nilibadilishiwa plagi, kisha pampu, nikalipa mara mbili, kumbe mpira wenyewe ulikuwa unadondosha matone!

Mpira ukiwa mkavu, fungia geji ya presha ya mafuta, washa injini, kisha izime. Presha ikishuka haraka, nozeli inavuja au valvu ya pampu haizuii mafuta kurudi tangini. Halafu pima sensa ya joto la maji; ikidanganya kwamba injini ni baridi, kompyuta inamwaga mafuta ya asubuhi saa nane mchana.

Kwa sasa, ikigoma, kanyaga mafuta hadi chini ukipiga stata sekunde tano hivi. Kompyuta nyingi hufunga nozeli ukifanya hivyo. Turbo yenyewe iache, haina kazi wakati wa kuwasha. Huo mpira ukishaunusa, tuambie umekuta nini.